Jino la Kukazia Mpira

Isongole, Jumanne jioni

Hakuna mtu kijiweni kwetu bodaboda anayekaza mpira wa kufungia mzigo kama mimi. Mikono miwili inabana gunia la viazi kwenye pikipiki, meno yanavuta. Sasa jino langu la mbele linacheza.

Leo nimeenda hospitali Mbeya, wakanipiga ile picha ya mashine inayozunguka kichwa. Dokta, mama mmoja mpole, akaligeuza jino kwenye kompyuta, mbele, nyuma, mpaka ncha ya mzizi, akaupima mzizi wote, kompyuta ikiupaka rangi.

Nikamwambia, "Dokta, unapima jino au shamba?"

Hakucheka. "Mdogo wangu, hapa penye bluu ndipo mfupa bado umeushika mzizi. Haifiki hata nusu. Ukiendelea kuvuta mipira kwa meno, litatoka."

Nina miaka ishirini na mbili tu.

Niliporudi kijiweni, mwenzangu Gwakisa akanirushia mpira. "Mkuu wa meno, kaza twende!" Nikaupeleka mdomoni kwa mazoea, halafu nikaikumbuka ile bluu, ilivyokuwa ndogo.

"Shika huku," nikamwambia, "tukaze wawili."

Sijawahi kumwomba mtu anisaidie kufunga gunia. Ikabidi nimweleze yote. Nilijua atanitangaza mpaka Tukuyu mjini.

Akapitisha ulimi kwenye meno yake ya mbele, taratibu, kisha akauliza, "Hiyo picha wanapigia wapi?"

Kukaza kwa meno nilimfundisha mimi.