Debe la Babu Halvor

Chuo cha Marlow, 14 Septemba 1998

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Hujambo? Nyonga inaendeleaje? Na yule ng'ombe wako Dagny bado anapiga ndoo mateke? Mimi mzima, ila pua imeungua kwa jua la mazoezi.

Habari kubwa ni hii: nimefanywa nahodha. Kipa nahodha! Usicheke. Halafu mashindano ya ubingwa wa wasichana ya Ligi ya Vyuo vya Mtoni yanatimiza miaka kumi na tano, na kocha kanipa kazi ya kuandika historia yake, ukurasa mmoja, kwenye kijitabu kitakachouzwa getini. Nimemuuliza Shangazi Verna, maana yeye alicheza fainali ya kwanza akiwa hapahapa Marlow. Kanijibu, "Kamuulize baba yangu, debe lilikuwa lake," akakata simu. Basi nakuuliza wewe: debe la maziwa liligeukaje kombe?

Mwaka huu linarudi nyumbani, Babu. Shika neno langu.

Mjukuu wako,
Britta

Shambani, 22 Septemba 1998

Mjukuu wangu Britta,

Marahaba. Huku hatujambo, mahindi yamekauka vizuri, nyonga ni ileile, korofi tu. Dagny kanipiga teke juzi, kwa hiyo na yeye mzima. Hongera kwa unahodha. Ila usianze kutamba mapema, debe tupu haliachi kuvuma.

Sasa sikia. Mwaka themanini na tatu wavulana walikuwa na kombe la fedha, bendi, na wakubwa wenye tai. Wasichana hawakuwa na kitu. Wakakubaliana wao wenyewe, vyuo vinne, wacheze kwenye uwanja wa maonyesho ya mifugo. Mistari waliichora kwa chokaa ya zizi langu, na wala sikuombwa. Ijumaa jioni Verna akaja nyumbani eti kafuata soksi. Asubuhi naingia kuwanywesha ndama, debe la marehemu baba halipo! Lile la bati, lenye namba 47 kwa rangi nyekundu, namba yetu kwenye kiwanda cha jibini tangu enzi zake. Ndama wanalia, nami nimeshika ndoo inayovuja. Nikapanda gari kwenda kudai debe langu. Ndivyo nilivyouona mpira wa wasichana kwa mara ya kwanza.

Nikalikuta mezani limesuguliwa, linang'aa, limejaa maziwa ili mshindi anywe. Nikasema haya, nitalichukua mechi ikiisha. Mechi nayo haiishi! Sare, muda wa nyongeza, penalti. Verna, nahodha wenu, akapiga ya mwisho, ikagonga mwamba. Wa kukabidhi zawadi hakuna, wakubwa wote wamekwenda kwa wavulana. Watu wakabaki kutazamana. Basi Verna, machozi yakimtiririka, akalinyanyua mwenyewe akampa nahodha wa Chuo cha Odilia. Tangu siku ile desturi ni hiyo, aliyeshindwa ndiye anayemkabidhi aliyeshinda. Mimi nililia, nikasingizia vumbi.

Garini nikamwambia Verna, "Sitaacha kukamua mpaka debe langu lirudi." Nilitaka acheke, na akacheka. Limeshazunguka vyuo vyote vya mtoni isipokuwa chenu, nami bado nakamua.

Babu yako,
Halvor

Marlow, 19 Oktoba 1998

Babu,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana nimeshaisikia. Shangazi kanipigia simu. Umeanguka zizini, ukalala sakafuni mpaka dereva wa lori la maziwa akakukuta! Daktari anataka uuze ng'ombe na akuwekee nyonga mpya kabla ya theluji, nawe umemjibu, "Debe kwanza." Hivi ni kweli? Babu, ule ulikuwa utani wa kumfuta binti machozi! Daktari kasema ukianguka tena huenda usitembee tena maishani.

Tumeingia nne bora, kwa kuchechemea kama wewe. Lakini kila mpira ukija langoni naiona nyonga yako. Naogopa. Mtu hawezi kudaka hivyo. Tafadhali nenda katibiwe, tushinde tusishinde.

Mjukuu wako mwenye hasira,
Britta

Shambani, 24 Oktoba 1998

Britta,

Marahaba. Verna ana mdomo. Sikuanguka, niliteleza.

Wewe hujui watu wa huku. Mtu hauzi ng'ombe wa baba yake kwa sababu mwili unauma. Wote wanaumwa, na wote wanakamua. Anayeuza anahitaji sababu ya kusema mbele ya majirani, na mimi sababu yangu ni debe. Kazi yako kudaka. Ukifika fainali nitakuja, Verna ataendesha gari.

Babu yako

Marlow, 2 Novemba 1998

Babu!

Shikamoo, shikamoo tena. Tumeshinda nusu fainali kwa penalti, nimepangua mbili, vidole vimevimba na sijali! Fainali ni Jumamosi, kwao Odilia, na debe wanalo wao. Wasichana wao wametutumia kindoo cha plastiki cha kuchezea mchangani, wameandika, "Jizoezeni kubeba kwanza." Washenzi! Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Njoo na blanketi, upepo wa kule hauna adabu. Nitakuletea debe lako, Babu. Halafu Jumatatu hospitali, hakuna kisingizio.

Britta wako

Shambani, 22 Novemba 1998

Mjukuu wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, theluji imeanguka kidogo. Wiki mbili hizi uko kimya. Simu hupokei. Na siku ile ulinipita pale uwanjani bila hata kunitazama, mimi na blanketi langu. Sikukasirika. Niliumia, lakini sikukasirika.

Mpira ulipita chini ya mkono wako, kwenye tope, muda wa nyongeza, na goli la kwanza ndilo linalomaliza mchezo. Basi. Wangekuwa wameshawafunga mengine matano kama si wewe. Halafu nikakuona unalinyanyua debe. Nilijua utalitupa, mimi ningelitupa. Ukavuka uwanja mzima nalo, ukampa nahodha wao, ukamwambia neno akacheka huku analia. Verna alinibana mkono mpaka ukafa ganzi.

Yule binti akaniletea mimi kikombe cha kwanza, maana wamesimuliana debe ni la nani. Nikanywa. Maziwa ya dukani, ovyo kabisa. Kisha nikaomba nilishike. Britta, namba 47 haipo tena. Limejaa majina, yamekwaruzwa kwa misumari kutoka shingoni mpaka kitako. Nilidhani ni ya mabingwa. Nikatafuta la juu kabisa, nikasoma V. Nygaard. Binti yangu, aliyeshindwa! Nahodha wa Odilia wa mwaka ule ndiye aliyeliandika, kwanza la Verna, chini yake lake. Na kila mwaka wamefanya hivyo, la aliyetoa na la aliyepokea. Mwaka huu wameandika lako. Nimeliona mwenyewe likikwaruzwa.

Nikasema moyoni, Halvor, mzee mpumbavu, debe halikupotea. Limeolewa huko, lina watu wake. Likirudi kwangu litanywesha ndama tu.

Nimewauzia ng'ombe kina Zastrow, wale vijana wa ng'ambo ya barabara. Watakuja na lori Jumamosi asubuhi. Hospitali ni wiki inayofuata. Majirani wameniuliza kwa nini, nikawaambia nyonga inauma. Hawakucheka. Mmoja akaniuliza jina la daktari.

Hukunipotezea kitu, mjukuu wangu. Niandikie, hata kama ni tusi.

Babu yako

Marlow, 24 Novemba 1998

Babu yangu,

Shikamoo. Sijambo, sasa ndiyo sijambo. Nilikupita kwa sababu nilijua ukinitazama tu nitaanguka pale chini nilie kama mtoto. Nisamehe. Barua yako nimewasomea wenzangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na kocha katoka nje eti anatafuta filimbi.

Kesho napanda basi. Tutakula bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani pamoja, halafu Jumamosi uniamshe alfajiri, kabla lori halijafika. Wewe utakaa mlangoni kwenye kiti utoe amri. Mimi na Shangazi tutawakamua ng'ombe wote, na Dagny anipige teke akitaka.

Debe sina, Babu. Nakuja na mikono.

Mjukuu wako,
Britta