Ukitoa Urefu, Kinabaki Nini?

Mpendwa mshauri,

Uliwahi kuandika katika safu hii kwamba "anayesema ukweli hulala usingizi wa mtoto mchanga." Nakuheshimu sana na sikosi kukusoma, lakini hapo ulikosea, na kama hujawahi kulea mtoto mchanga basi waulize waliolea, maana mimi nimesema ukweli, ukweli mtupu usiotiwa chumvi, na tangu hapo usingizi umenihama, na mtoto wa dada yangu ananitazama kama mtu anayetazama ukuta. Naomba unisaidie kabla mambo hayajaharibika zaidi.

Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha ya chuma, na jioni nafundisha timu ya wasichana mpira wa kikapu katika kiwanja kilicho nyuma ya karakana, ringi zote mbili nilizichomelea mwenyewe. Mpwa wangu ana miaka kumi na saba na ni mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kusimama naye, mlango wa karakana anauingia kwa kuinama, kitanda chake kimeongezewa benchi upande wa miguu, na mtaani wamempa jina la Ngongoti, kwa kuwa wanamwona kama mtu aliyepanda magongo. Mwanzoni jina hilo lilimliza, siku hizi anaitika.

Alipokuja kiwanjani mara ya kwanza, sasa ni miaka mitatu, nilimshukuru Mungu, nikamweka chini ya ringi, nikamwambia simama hapa, nyoosha mikono, ukipata mpira usiudunde, usifikiri, tumbukiza, na kwa njia hiyo tumeshinda mechi nyingi mpaka timu nyingine zinaulizana kwa sauti kama huyu ni mwanafunzi au ni mama wa wanafunzi.

Msimu huu akaja mtafuta vipaji kutoka chuo kimoja cha michezo kilicho mbali, sisi tunamwita Bwana Futi kwa sababu mfukoni hakosi futi ya kupimia, na naapa alimsimamisha binti kwenye fremu ya mlango akampima kabla hajamwona akigusa mpira. Alipomaliza akakunja futi yake, akasema, "Kocha, urefu haufundishwi. Mengine yote tutamfundisha huko." Anataka kuondoka naye mwisho wa mwezi, aache shule wakati imebaki mitihani ya kumaliza tu, na anachongoja ni kauli yangu mimi niliyemfundisha: huyu atakuwa mchezaji wa kulipwa, ndiyo au hapana.

Hapo ndipo nilipokwama, mshauri, kwa sababu mpira naujua na simwoni. Mikono yake mizito, akipewa mpira mbali na ringi anaushika kama amepakatishwa mtoto wa watu, tukipoteza mpira anarudi kulinda wakati wapinzani wameshafunga na wameshapongezana, siku hizi hata ngazi za karakana anazishuka upande upande kama kaa kwa uvivu, na nikimfokea anatabasamu tu. Tena hana roho ya kushindana. Mazoezi yakiisha wenzake wanabaki kushindana kufunga, yeye anakwenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pale ukutani na kucheza na watoto wadogo wa majirani, anawarushia mpira, anaangalia huku mpira unakwenda kule, mtoto hata hajajua kama yuko peke yake na mpira umeshamfika kifuani, wanacheka mpaka wanaanguka. Nimemgombeza mara nyingi aache kupoteza muda na vitoto.

Sasa dada yangu. Anafanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi, amemlea binti huyu peke yake, na hajawahi kunibana kwa lolote. Jumapili aliniita kwake, akanikalisha, akaniambia kwa upole kwamba yeye anachojua ni pasi, mpira naujua mimi, kwa hiyo nimwambie kama mwanawe ataweza kuishi kwa mchezo huu au amkatalie yule bwana. Nikazungukazunguka, nikataja hali ya hewa, akaniambia kaka, hali ya hewa naiona dirishani. Basi nikamjibu.

"Dada, ukitoa urefu, hakuna kinachobaki."

Nikainua macho nikaona kichwa juu ya pazia, maana pazia la mlango wa jikoni kwa dada yangu linamficha kila mtu isipokuwa mwanawe. Alikuwa amebeba sinia. Akaja, akaliweka mezani, akanitilia sukari vijiko vyangu vitatu, akasema, "Karibu chai, Mjomba," akarudi jikoni.

Kesho yake alikuja mazoezini kama kawaida, na kabla sijasema neno akaenda moja kwa moja chini ya ringi, akanyoosha mikono yote miwili juu, akabaki hivyo wakati wenzake bado wanafunga kamba za viatu. Wasichana wakacheka wakidhani ni utani, kisha wakaacha kucheka. Nikamwambia shusha mikono, mwanangu, hatujaanza. Akashusha.

Mshauri, nikisema ndiyo nitakuwa nimedanganya, na mtoto ataacha shule kwa ajili ya uongo wangu. Nikisema hapana nitakuwa nimeufunga mlango wake kwa mkono wangu, na dada yangu tayari ananijibu kwa "sawa" na "haya" tu. Bwana Futi amepiga simu tena jana. Nidanganye, au nishikilie ukweli wangu?

Ni mimi, Mjomba Mchomeleaji

JIBU

Mjomba Mchomeleaji,

Nakubali, mfano wa mtoto mchanga ulikuwa mbovu. Nimelea watatu, nilipaswa kujua. Lakini wewe hukukosa usingizi kwa sababu ya kusema ukweli. Umeukosa kwa sababu umekiita ukweli kitu usichokijua, na moyo wako umekataa kutia sahihi.

Pole, na pole hii naitoa kwa dhati. Mjomba asiyempenda mpwawe angeshamkabidhi kwa Bwana Futi siku ile ile na kuanza kujisifu mtaani. Wewe umekaa na swali linakuunguza, na hiyo ni heshima yako. Sasa nisikilize, maana sitakubembeleza.

Tumalizane kwanza na huyo bwana. "Urefu haufundishwi," anasema, kama vile amegundua moto. Mlingoti wa bendera pia haukufundishwa urefu, na sijasikia timu iliyousajili. Mtu anayepima kabla ya kutazama ananunua mbao. Akipiga simu tena, muulize wale aliowachukua kabla ya huyu wako wapi leo, nani kati yao alimaliza shule, na mchezaji akiumia huko anauguzwa na nani. Maswali hayo yana majibu au hayana, na utajua kwa jinsi atakavyokohoa.

Lakini usichekelee, maana wewe na yeye mnatumia futi moja. Yeye ameutazama urefu akasema ndiyo, wewe umeutazama urefu ukasema hapana, na msichana mwenyewe hakuna aliyemtazama. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu ulichomfundisha. Nimekuta simama, nyoosha mikono, usidunde, usifikiri. Kaka yangu, miaka mitatu umemkataza kudunda na kufikiri, leo unamhukumu kwa kutojua kudunda na kufikiri? Kijana akija karakanani kujifunza kazi, ukampa kazi ya kushikilia geti lisianguke mwaka hadi mwaka, utasimama mbele ya mama yake useme hana mkono wa kuchomelea? Penye miti hapana wajenzi. Mti ulipewa, tena mrefu kuliko yote. Ukajenga ringi.

Na kibaya zaidi ni kwamba kipaji umekiona. Umekieleza vizuri kuliko mtangazaji wa redio, kisha ukakigombeza. "Anaangalia huku mpira unakwenda kule, mtoto hata hajajua kama yuko peke yake na mpira umeshamfika kifuani." Maneno hayo ni yako. Mtu anayeona nafasi ya mwenzake kabla mwenzake hajaiona, timu kubwa zinamtafuta mchana kwa tochi, na akiwa na urefu wa kutazama juu ya vichwa vya wote wanazima tochi na kuanza kukimbia. Mikono mizito hairushi mpira hivyo. Wewe ulikuwa unatazama ringi.

Kisha ile ndoo. Kwa nini anakaa, mjomba? Watoto wanakimbia, yeye anacheza akiwa amekaa. Ngazi anazishuka kama kaa. Kurudi kulinda anachelewa. Huo unaouita uvivu una jina lake, na jina lake ni magoti. Mtoto anaumwa, na hakusema kwa sababu alijua kwamba chini ya ringi kinachotakiwa kwake ni mikono, mengine hayaulizwi. Lile tabasamu unalolipata ukimfokea ni lile lile alilojifunza kulitumia kuitikia jina la Ngongoti.

Unanitaka nikuambie atacheza kwa kulipwa au hatacheza. Sijui. Wewe hujui, na mwenye futi hajui. Warefu wengi huishia njiani, na wengine huchanua wakiwa wameshakatiwa tamaa. Kwa hiyo usidanganye, wala usiushikilie huo unaouita ukweli wako. Fanya hivi.

Leo, kabla ya mazoezi, umwombe radhi. Usipitie kwa mama yake, usimnunulie viatu kama fidia. Uso kwa uso, hata ikibidi upande ngazi yako ya kazi. Mwambie, "Nilisema jambo nisilolijua, na nililisema vibaya." Kisha unyamaze, na akikujibu kwa "sawa, Mjomba" usijidanganye kwamba yamekwisha. Dada yako naye aambiwe maneno hayo hayo, asikie kwako.

Wiki hii apelekwe hospitali. Aangaliwe magoti, na kwa kuwa amerefuka kupita kawaida, daktari ausikilize na moyo pia. Mpaka daktari atakaposema, asiruke hata mara moja, mechi ishindwe kama itashindwa.

Akiruhusiwa, mtoe chini ya ringi. Mweke mbali, timu nzima icheze kupitia mikononi mwake, na umfundishe kitu kimoja ambacho hakijui. Atakosea. Usitazame amekosea mara ngapi, tazama kama kosa la Jumatatu analirekebisha mwenyewe kabla hujamkumbusha. Anayejirekebisha hivyo, mwezi hata mwezi, ana safari mbele yake. Asiyejirekebisha, hata akigusa mawingu, atabaki mtu mrefu anayemiliki viatu vya michezo. Hicho ndicho kipimo, na hakikunjwi mfukoni.

Na umuulize anataka nini. Katika barua yako amesema Bwana Futi, umesema wewe, amesema dada yako mpaka kuhusu hali ya hewa. Yeye ambaye maisha ni yake, maneno yake ni "Karibu chai, Mjomba." Huenda anaupenda mpira kuliko sisi sote. Huenda anapenda kufundisha wadogo na ringi haimhusu. Kwa sasa wewe humjui vya kutosha hata kukisia.

Bwana Futi mjibu hivi: amalize mitihani, atibiwe, kisha uje umtazame akicheza kutwa nzima, futi uiache nyumbani. Kama ana nia, atarudi. Akikasirika, mwache akasirike. Usiache mbachao kwa msala upitao, na shule ndiyo mbachao wa mtoto huyu.

Na ninyi makocha mnaonisoma mkiwa na filimbi shingoni, msimcheke mchomeleaji. Kila mmoja wenu ana Ngongoti wake, amesimama chini ya ringi sasa hivi, mikono juu, anangoja kuambiwa aishushe. Kesho jioni muulizeni anaumwa wapi. Kama haumwi, mtoeni hapo, mpeni mpira mbali na ringi, mwambieni afikiri. Kisha fungeni midomo, mtazame.