Kuku Mweupe wa Kumwomba Mwanangu Msamaha

Lubumbashi, Jumapili ya mwisho wa Agosti.

Leo jua limeamka limefunikwa na moshi wa majani wanayochoma watu, na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye kabati la vikombe. Tumerudi kutoka Zambia siku ya Alhamisi, lakini masanduku bado yamekaa kwenye korido. Kila mtu anayaruka, hakuna anayeyafungua.

Mimi pia sijui kama nimerudi au bado niko njiani.

Niandike tu, labda nikiandika nitaelewa. Mchana huu nimepiga magoti mbele ya mtoto wangu wa miaka miwili, kuku mweupe mikononi, nikamwomba msamaha. Hadi saa hii sijui kama nilifanya jambo la heshima au la kuchekesha. Sijui hata kama nililia kwa hasira au kwa aibu.

Mwanangu anaitwa Kazadi. Hilo ni jina la baba mkwe wangu, aliyefariki nikiwa na mimba ya mtoto huyu. Mume wangu Guylain ni Muluba wa Kasai, ingawa amezaliwa hapa hapa Lubumbashi na huko Kasai hajawahi kukanyaga. Kwao mtoto akirithi jina amerithi na kiti. Kwa hiyo humu ndani hakuna anayemwita mtoto. Guylain anamwita Papa. Mama Ngalula, mama mkwe wangu ambaye tunaishi naye, anamwita bwana yangu.

Anasema huku anacheka, lakini si mzaha mtupu. Chakula kikiiva, Kazadi anapakuliwa wa kwanza. Tukichinja kuku, firigisi ni yake, maana firigisi ni ya bwana wa nyumba. Meno yenyewe hayajakamilika, basi Mama Ngalula anamkatia vipande vidogo vidogo kwa kisu, anavipuliza, anamlisha. Guylain, mwenye nyumba halisi, hajaonja firigisi tangu mtoto aanze kula.

Na huyu bwana haambiwi hapana. Akitupa sahani, namwambia, "Papa, samahani, hivyo si vizuri." Mimi, mama yake mzazi!

Mimi ni mtu wa Kilwa, wa kando ya ziwa Mweru. Kwetu pia tunawapa watoto majina ya babu zao, ila mtoto akikosea anachapwa pamoja na jina lake. Lakini ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho; niliingia kwa watu nikafuata ya watu. Na nikiri kitu: nilianza kuyapenda. Usiku wa kwanza tulipotoka naye hospitali, Mama Ngalula alimbeba, akamwambia, "Ulikawia." Hajamlilia mumewe tena tangu siku ile. Nani angetaka kumnyang'anya mjane dawa yake?

Basi, likizo.

Tangu tuoane tulikuwa tunaota safari moja tu ya kutoka nje ya nchi, si ya kwenda kununua mizigo, ya kukaa tu na kula samaki. Tukachagua Siavonga, kwenye ziwa Kariba, upande wa Zambia. Mama Ngalula akasema bwana yake hawezi kusafiri peke yake. Tukamweka kiti cha nyuma pamoja naye.

Mpakani Kasumbalesa malori yalikuwa yamejipanga hadi macho yachoke. Afisa wa upande wa pili aliangalia pasi ya mtoto, akamwangalia Mama, akauliza kwa Kiswahili cha kubahatisha ni nani wake.

"Ule ni bwana yangu," Mama akajibu bila kupepesa macho.

Kazadi akanyoosha mkono kupitia dirishani kumsalimia afisa kama chifu aliyekuja kukagua. Tulicheka hadi Chililabombwe. Nataka kukumbuka kicheko kile, kwa sababu ndicho cha mwisho tulichocheka wote pamoja katika safari ile.

Likizo na mtoto mdogo si likizo, ni kuhamisha kazi ya nyumbani hadi mahali usipojua sufuria ziko wapi. Samaki wa ziwa alimtema. Kitanda cha hoteli alikikataa, akalala juu ya tumbo langu usiku kucha. Alichopenda ni mlango wa bafu, kuufungua na kuufunga. Tumevuka nchi nzima kwa ajili ya mlango.

Siku ya pili tukashuka ufukweni. Hapa lazima niseme jambo la Karavia. Jumapili nyingi tukitoka kanisani tunapita Karavia, ziwa la hapa mjini, tunakaa kando ya maji, na Kazadi anakimbia kwenda kuwatupia ndege makombo ya mkate. Mama Ngalula humfuata taratibu akisema bwana anakagua mali yake. Maji yale tumeyazoea, na yeye pia ameyazoea. Kwa akili ya mtoto, maji yote ni Karavia.

Lakini Kariba kulikuwa na kibao. Kimechorwa mamba, mdomo wazi, hata asiyejua kusoma anaelewa. Nilikionyesha kwa kidole, nikasema tusimwachie mtoto mkono. Mama alikuwa amemshika. Mimi nikainama kutandika kitenge.

Nilipoinua kichwa, Kazadi alikuwa anakimbia kuelekea majini, mkate mkononi. Mama alikuwa amesimama nyuma, mikono yake mitupu.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka maji yametulia tuli, hakuna hata kiwimbi, na mimi niliyekulia Kilwa najua maji ya namna hiyo yamechukua watu gani na gani. Nilimdaka miguu ikiwa tayari imelowa. Nikamwinua, nikambeba mbali na ukingo, kisha nikamchapa pajani. Kwa nguvu. Nikamchapa tena. Nikapiga kelele, "Hapana! Kazadi, hapana!"

Hakulia mara moja. Aliniangalia kwanza, kama mtu ambaye hajawahi kusikia jina lake.

Mama Ngalula akaja hadi karibu yangu, akasema kwa sauti ndogo: "Solange. Ulipika bwana yangu." Kwa Kiswahili chetu cha hapa, kupika ni kupiga.

Hakusema lingine. Siku zote zilizobaki, hakusema lingine.

Mamba mwenyewe sikumwona. Hili linanisumbua mpaka leo. Labda hakukuwa na kitu pale. Labda nilimchapa mtoto kwa sababu ya kibao tu na hofu zangu za utotoni. Lakini nikifumba macho namwona yule ambaye sikumwona, na ni mkubwa.

Tulirudi nyumbani kimya. Guylain alijificha nyuma ya usukani, akajifanya kuendesha kushoto, kama wanavyoendesha Zambia, kunahitaji akili zote. Tulipofika, Mama akaingia chumbani kwake. Tangu Alhamisi hajagusa chakula nilichopika. Anakunywa chai yake na mkate, anarudi ndani. Kazadi akigonga mlango, anamfungulia, lakini sisikii akimwita chochote. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nasubiri mshindo.

Nilidhani umefika jana, kwa simu. Alikuwa Yaya Régine, dada mkubwa wa Guylain.

"Solange, kwetu ule haiko mutoto ulipika. Ulipika Papa. Utatoa tshibawu, njo bintu biishe."

Tshibawu ni faini ya mila. Mkaza mwana akimwinulia mkwe mkono, anatoa kuku mweupe na anapiga magoti. Nilitaka kumuuliza: je, kama ningemwacha Papa aingie majini, faini ingekuwa nini? Nikameza. Nikamgeukia Guylain anitetee.

"Ni kuku tu, chérie," akasema, huku anaangalia viatu vyake. "Toa tu, Mama akule."

Nilikasirika naye kiasi kwamba nililala nimempa mgongo. Nikafikiria kubeba mtoto niende kwetu Kilwa, barabara mbovu au nzuri. Halafu nikajiuliza, nambeba nani? Mwanangu, au mume wa mtu?

Kwa nini kumwokoa mtoto kunahitaji msamaha? Na kwa nini, hata hivyo, kila nikikumbuka macho yake pale ufukweni, naona kwamba ninao msamaha wa kuomba?

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Nilijua nilikuwa na haki, na nilijua nina deni. Yote mawili yalikaa kifuani mwangu bila kusukumana.

Leo baada ya kanisa Guylain akarudi na kuku. Tukamkalisha Kazadi kwenye kiti cha mikono, kile cha marehemu, miguu yake inaning'inia. Mama akatoka chumbani, akasimama mlangoni, kitambaa cheusi kichwani. Nikapiga magoti. Saruji ilikuwa baridi. Nikamnyooshea kuku kwa mikono miwili, nikasema nilivyofundishwa: "Papa Kazadi, nilikukosea, naomba unisamehe."

Papa Kazadi akamshika kuku mkia.

Kuku akapiga mabawa, akaniponyoka, akaruka juu ya televisheni. Bwana wa nyumba akashuka kwenye kiti kinyumenyume, tumbo kwanza, akaanza kumfukuza akipiga makofi. Guylain akacheka. Mimi nikaanza kucheka, kicheko kikageuka katikati ya koo, nikajikuta nalia bado nimepiga magoti.

Ndipo Mama Ngalula akaja. Alidhani nalia kwa kudhalilishwa, na sijui, labda ndivyo. Akaketi chini, pale pale kwenye saruji, mwanamke wa umri ule, mbele yangu.

"Amuka, mwanangu. Haiko weye ya kulipa."

Nikasema, "Mama, nilimchapa."

"Alivuta mukono yake," akasema. "Mukono ilikuwa mu yangu. Akavuta, njo niliachilia. Bwana yangu, siku gani nilimukatalia kitu?" Akapangusa pua kwa ncha ya kitenge. "Niliona kile kibao sawa weye. Weye ulimupika, na iko muzima. Miye nilimuheshimia, na angekufia mu mayi."

Kumbe siku zote hizi hakuwa amenikasirikia. Alikuwa anaogopa kumgusa Kazadi.

Akamdaka Kazadi alipopita akimfuata kuku, akamwinua, akanikabidhi.

"Shika mutoto yako."

Mutoto yako. Tangu nimzae mtoto huyu, sikuwahi kusikia maneno hayo kutoka kinywani mwake. Ni maneno niliyoyatamani kila siku humu ndani, na nikayapokea leo pamoja na mtoto mwenyewe anayenuka manyoya ya kuku. Ningepaswa kufurahi.

Sikufurahi. Nilihisi kama nimempokonya mtu kitu kwenye msiba.

Mama akasema kuku achinjwe, tule wote. Jioni, nikiwa nje napika, Kazadi akaisogelea mbabula yenye makaa. Kabla sijainuka, nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia: "Hapana!" Alikuwa Mama Ngalula, kutoka barazani. Kazadi akasimama. Mdomo ukamtetemeka, akamwangalia bibi yake kwa mshangao ule ule alioniangalia mimi Kariba, halafu akaja mbio akajificha kwenye sketi yangu. Mama akageuza uso kuelekea ukutani.

Tulipokaa kula, bukari, ugali wetu, ikapakuliwa, kuku akapakuliwa. Mama akaichukua firigisi kwa kijiko na kuiweka kwenye sahani ya Guylain. Guylain akaiangalia kama mtu aliyeletewa barua ya mwingine. Hakuigusa.

Kazadi alikuwa amesimama karibu na goti la bibi yake, mahali pake pa kila siku, mdomo wazi, anasubiri. Alisubiri kipande chake. Zaidi ya kipande, alisubiri kuitwa. Mama alikuwa anaangalia bakuli la mboga, mikono imelala mapajani, haijui iende wapi.

Hakuna aliyeniambia nifanye nilichofanya. Hata mimi sikujishauri. Nilinyoosha mkono, nikaichukua firigisi kutoka sahani ya mume wangu, nikaiweka mbele ya Mama Ngalula pamoja na kisu kidogo.

Nikasema, "Papa, karibu mezani. Bibi yako anakukatia."

Mama hakuniangalia. Alichukua kisu, akaanza kukata vipande vidogo vidogo, akavipuliza ingawa vilikuwa vimepoa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kazadi akala, akapiga mkono mezani kudai kingine, bwana kamili.

Sasa wote wako ndani, nasikia Mama akimwimbia. Masanduku bado yako kwenye korido. Nimekaa barazani nikijiuliza leo nani ameshinda, na naona swali lenyewe ni la kijinga, lakini haliondoki.

Mbabula bado ina moto kidogo. Kesho asubuhi ataamka na kwenda moja kwa moja kwenye makaa, namjua. Nitapiga kelele, na sijui nitaita jina gani, Kazadi au Papa.

Ila nitamshika. Na nadhani kesho tutakuwa wawili wa kumshika.