Baba Mapacha Hakumkubali Radi

Mwaka umetimia, Baba Mapacha, tangu ulipotutoka ukatuachia karakana ya makochi, mikasi yako na midomo ya marafiki zako. Karakana inakwenda vizuri. Mikasi imenolewa. Midomo ndiyo imetushinda, na ndiyo maana kumbukumbu yako imekuwa ndefu kuliko za watu wengine.

Tunaikumbuka mikono yako. Kochi lilikuja kwako limebonyea katikati, likatoka limekaa wima, na mwenyewe akawa analizunguka kwanza kabla ya kuamini kuwa ni lake. Ulifanya kazi na misumari mdomoni, ukaongea hivyo hivyo, na watu wakakuelewa. Majirani uliwashonea mito bure ukawaambia ni mabaki ya kitambaa, na mkeo akijua fika kwamba hayakuwa mabaki. Hukumpigia mtu kelele. Ulimwambia tu, taratibu, "Hujui kitu wewe," ukaendelea kugonga misumari.

Tunawakumbuka pia, kwa bahati mbaya, wale uliokuwa ukiwaambia hivyo. Kila Jumamosi walijaa karakanani, wakakalia makochi ya wateja yaliyokwisha tengenezwa, wakayabonyeza upya, wakabishana nani mrushaji mkubwa wa mipira ya kasi katika kriketi ya siku moja. Watu wazima na ndevu zao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurusha kitu kizito kuliko limau. Mkubwa wao alikuwa Profesa, anayeitwa hivyo kwa sababu ya miwani, maana kingine cha kuitiwa hivyo hatujakiona.

Profesa na wenzake walikuwa upande wa yule mliyemwita Radi, aliyekuwa akiving'oa kwa mpira vile vijiti vitatu vya nyuma ya mpigaji kabla mpigaji hajajiweka sawa. Wewe ulikuwa peke yako upande wa Mchumi, yule mrefu ambaye kwake mpigaji haambulii mbio, yaani mabao ya kriketi. Hoja yako ilikuwa moja. Mechi ni ya siku moja, kila mrushaji ana ova kumi tu za mipira sita sita, basi mkubwa ni yule ambaye zikiisha hizo kumi, wapinzani mikono mitupu. Ukayaandika majina yote mawili kwa chaki ukutani, nyuma ya cherehani, la Mchumi juu. Profesa akasema Mchumi anachosha, mtu unamtazama unasinzia. Ukamwambia hujui kitu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tangu tukuzike, Profesa anazunguka mtaani akisema ulikubali. Anasimulia kwamba alikuja wodini, akakuinamia, akauliza, "Sema kweli ndugu yangu, Radi ndiye mkubwa, sivyo?" nawe ukaitikia kwa kichwa. Anaisimulia kwa huzuni, anavua miwani, anaifuta. Kinyozi wa jirani akaisadiki. Wakaingia karakanani wakafuta jina la Mchumi ukutani, eti kwa heshima yako. Heshima gani hiyo, ya kumgeuza mtu kauli wakati hawezi kujibu?

Mkeo alikuwa amenyamaza, akidhani watachoka. Hawachoki, watachokaje na hawana kazi. Alipokuta ukuta umefutwa, aliwaita mapacha wako akasema, "Kumbukumbu ya baba yenu itaandikwa kama nitakavyosema mimi." Tumeiandika hivyo.

Yeye alikuwapo. Profesa alikuletea machungwa akayala mwenyewe, maganda akayaacha kwenye sahani yako. Alipokuinamia na swali lake la kitoto, ulikuwa umefumba macho, na mkeo alikuwa amepitisha mkono chini ya mto wako ili akuweke vizuri, kwa kuwa ulikuwa umeteleza. Mto ukapanda, kichwa kikapanda. Mto ukashuka, kichwa kikashuka. Huko ndiko kukubali kwako. Hoja zilimshinda Profesa miaka yote hiyo, akaja kujitangazia ushindi kwa mto.

Tena lipo asilolijua. Alipotoka, ulifungua jicho moja. "Ameondoka yule?" Mkeo akasema ameondoka. Ndipo ukamuuliza kitu ambacho hukumuuliza maisha yenu yote, yeye aliyekaa chumba cha nyuma kila Jumamosi akishona foronya na kuyasikia yote.

"Na wewe, mama, unaonaje? Nani mkubwa?"

Mkeo si mtu wa kubembeleza mgonjwa. Akasema, "Radi."

"Kwa nini?"

"Mchumi, mpigaji anaweza kumsubiri. Anajizuilia zuilia pale, ova zake kumi zinapita, anakwenda kuchuma mbio kwa warushaji wengine. Radi hasubiriki."

Hoja kama ile Profesa hakuwahi kukuletea. Kama ulitaka kukubali, saa yenyewe ilikuwa ile, na kwa mkeo isingekuwa aibu. Ukavuta shuka hadi kidevuni.

"Hata wewe," ukasema, "hujui kitu."

Ukacheka kile kicheko chako cha puani, ukaomba maji. Kuhusu kriketi hukusema neno tena.

Jina la Mchumi limerudi ukutani, juu, safari hii kwa rangi ya mafuta. Mkeo ndiye anayekalia kigoda chako siku za Jumamosi na kumtetea mtu asiyemwamini, kwa sababu hawezi kuona upande wako umekaa bila msemaji. Jumamosi iliyopita Profesa aliokota, hatujui wapi, hoja ya maana kwa mara ya kwanza maishani. "Shemeji," akasema, "huyo Mchumi wenu si anasubirika tu?"

Ilikuwa hoja ya mkeo mwenyewe. Akatoa misumari mdomoni, maana siku hizi naye anaiweka humo, akamjibu bila kufikiri. "Mechi ni ova hamsini. Aliyesubiri kumi zipite amebakiwa na arobaini. Huko kusubiri ndiko kushindwa kwenyewe. Hujui kitu wewe." Kisha akashika ukingo wa cherehani, kwa kuwa masikio yake mwenyewe yalikuwa yamesikia alichosema, na alikiamini.

Wanaokukumbuka ni mkeo, mapacha wako na wake zao, wajukuu, kaka yako mkubwa, na mafundi wa karakana. Profesa aliomba naye awemo. Yumo, baada ya paka.

Hutatutoka moyoni, Baba Mapacha. Ulikuwa sahihi. Mkeo amekubali, ameitikia kwa kichwa mwenyewe, na hakuna aliyemwinulia mto.