Eda na Daftari

Iringa,
25 Juni 1956

Kwa kaka yangu mpenzi Bushiri, Mbeya.

Salaam nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Huku mimi na Shangazi Kudra tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Je, kifua chako kimepona?

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema eda yangu imekwisha, Bwana Yunusu yuko tayari kunioa, na utakuja Ijumaa kunichukua. Kaka, sitaki. Nakwambia mapema usije ukasema nilikuzunguka.

Marehemu mume wangu, Muharami, nilimpenda, na alipofariki machimboni kule Makongolosi nililia hadi sauti ikanikauka. Lakini ndani ya eda, bila wageni wala safari za sokoni, nikaanza kuandika hadithi. Mwanzoni niliandika baada ya chakula, nikasinzia juu ya karatasi. Nikajaribu jikoni, maharage yakaungua na Shangazi akaninunia siku mbili. Ndipo nikagundua kwamba nikizungumza na mtu kabla ya kuandika, hadithi yote huishia mdomoni. Sasa nikishaswali alfajiri sisemi neno. Nakaa mkekani, naupa mlango mgongo, naandika mpaka adhuhuri. Daftari la tatu linakaribia kujaa.

Bwana Yunusu alileta ujumbe kwamba mke wake hatakuwa na haja ya madaftari. Nilimwomba Shangazi amjibu kwamba nami sina haja ya mume wa kunichagulia haja zangu.

Kuna jambo sijakuambia. Unakumbuka habari ya msiba ilitufikia siku arobaini baadaye, kwa kuwa mvua ilikata barabara ya Chunya. Shangazi akahesabu eda tangu siku ya habari, na nyote mkamfuata. Mimi niliyesoma chuo cha Kurani nilijua fika kwamba huhesabiwa tangu siku ya kifo. Nikanyamaza. Eda yangu ilikwisha katikati ya Mei. Zile siku arobaini za mwisho sikumkalia Muharami, nilizikaa kwa ajili ya asubuhi zangu. Mungu nimemwomba msamaha. Wewe sikuombi.

Njoo, pilau utakula. Ila gari likikushusha asubuhi, swali kwanza Ijumaa yako msikitini. Ukibisha hodi kabla ya hapo, sifungui.

Wifi mpe mkono wangu, watoto nawabusu.

Wasalaam,
Ni mimi mdogo wako,
Mwanahawa