Bulongo ya Dada Yangu

Siku ya kwanza ya juma, 3 mwezi wa sita

Bila mimi, sayansi ya Masisi ingekuwa imelala mpaka leo. Naandika hii wazi, juu hakuna mwenye ataiandika kwa niaba yangu.

Asubuhi nilikuwa nang'oa maharage kama kawaida. Umande mingi. Mugongo unalalamika. Kisha moto, pikipiki ya kubeba watu, ikapanda kilima, na Espoir juu yake, kijana wa dada yangu mukubwa, na mizigo yake toka Goma. Anamaliza université. Iko na utafiti: juu ya nini watu wanakula bulongo, ule udongo wa kutafuna, inatoka kwa kilima gani, inafanya nini ndani ya mwili. Afya, mazingira na desturi, yote pamoja. Kichwa ya kitabu chake cha kumaliza masomo ni ndefu kuliko barabara ya Walikale.

Bulongo yenyewe ni ya mama yake. Watu wanamuita Mama Espoir. Anachimba ile nyeupe ya kilima yetu, anaikausha juu ya moshi, anaiuza kwa soko ya Masisi-centre. Wanamuke wenye mimba wanaipenda kuliko nyama. Toka kambi ya wakimbizi ya Lushebere wanakuja kwa miguu kuitafuta. Na hiyo biashara njo ilimusomesha huyu Espoir toka a-be-che mpaka université.

Aliniomba nimusindikize kwa watu. Maana yake, mimi njo direkta. Yeye anaandika, mimi naongoza. Nilimwambia najua vilima vyote toka hapa mpaka Itebero, niliitembea kwa miguu, na chui nyuma yangu njia yote, inanifuata kama imbwa, mpaka ikachoka ikarudi kwao.


Siku ya tatu, 5 mwezi wa sita

Mahojiano. Nilikaa karibu ya Espoir, nimevaa viatu vya kanisa.

Wanamuke walikaa musitari mumoja. Wanaangalia chini, wananiangalia mimi, wanasema ndiyo papa. Basi nikajibu kwa niaba yao. Espoir akauliza kama wanaume nao wanakula. Nilicheka. Nikamwambia mwanaume mwenye anakula bulongo avae kitenge na aanze kutafuta jina ya mutoto. Akaandika. Nikamuelezea nyanya yetu, vile alikula kichuguu muzima akiwa na mimba ya baba, na baba akazaliwa na meno, akalomba sahani ya bugari siku ile ile. Hiyo aliiandika polepole. Akasema asante muyomba.

Kisha mama mumoja wa kambi akaniomba kwa heshima niende inje kuangalia kama mvua inakuja. Jua kali, mawingu hakuna. Nilienda tu. Nyuma yangu nilisikia wote wanaanza kuongea pamoja.


Siku ya posho, jumamosi, 8 mwezi wa sita

Soko. Espoir alikuja na mizani ndogo, anapima vipande vya mama yake, kimoja kimoja. Nilisimama pale kama gavana. Mama Solange, yule wa mawese, akasema: "Espoir, pima na kichwa ya muyomba wako, tuone kama ndani mko ubongo ao bulongo." Soko yote ikacheka. Dada yangu alicheka mpaka akafuta macho. Sitaandika kama iliniuma.

Espoir amemulomba mama yake amupeleke kwa shimo kwenye anachimba. Dada alisema tu: tutaongea. Hii si kitu ndogo. Kwetu ile shimo ni ya wanamuke. Mwanaume hashuki pale. Wenye wanachimba njo wanapatana siku ya kuifungua na siku ya kuipumuzisha. Hata shefu wa kijiji hajawahi kuikaribia.


Siku ya pili ya juma, 11 mwezi wa sita

Dada anaongea na wanamuke wenzake, haimalizi. Espoir anazunguka lupango ya nyumba kama kuku. Leo akaniambia: "Muyomba, bila wewe kazi yangu inakufa."

Muntu akiniambia vile, miguu inaenda yenyewe.

Tulipitia nyuma ya mihogo, dada akiwa shambani. Shimo iko kwa mutelemuko. Mulango wake mudogo, ndani nyeupe kama unga. Juu yake watu wenye walikimbia vita wamejenga vibanda vyao, na vyoo vyao. Zamani havikuwa pale. Mvua ikinyesha, maji inatelemuka toka kule moja kwa moja. Espoir aliangalia ile upande wa juu muda murefu. Akavaa glovu, akajaza vifuko, akavitia alama. Mimi nilivishika.

Sikupenda uso wake. Nikamuuliza hii yote itatumika wapi. Akasema: "Hii iko ya kitabu tu, muyomba. Hakuna mwenye atagusa shimo."

Nilimuamini. Ni damu yangu.


Siku ya Mungu, 16 mwezi wa sita

Espoir amerudi Goma na vifuko. Baada ya ibada nilielezea watu kwamba wakubwa wa labo, wale wa kupima vifuko, watashuka hapa na elikoptere, na kwamba shimo itapewa jina yangu. Sikupashwa kutaja shimo. Neno ilitoka tu. Shefu alikuwa anasikiliza. Dada naye alikuwa nyuma ya kikundi.

Jioni nilipita kwake. Alinipa bugari na sombe kama siku zote. Lakini hakukaa. Alirudi kupanga bulongo ndani ya vitunga vyake. Nilikula peke yangu kama mugonjwa. Angepiga kelele, ningejua cha kumujibu.


Siku ya ine, 11 mwezi wa saba

Espoir iko hapa toka jana. Hakufika kwangu. Nilisikia kwa mwenye kuendesha moto. Alienda kwa centre de santé kuona munganga, akaenda kwa shefu, akaenda kwa mama yake, wakafunga mulango. Mimi hapana. Mimi direkta.

Mukutano ya shefu iko siku ya Mungu, ndani ya kanisa. Pengine wanataka kunishukuru na hawapendi nijue mbele ya wakati. Bibi yangu, mama ya watoto wangu, amepiga koti pasi. Akasema: usikae mbele. Nitakaa mbele.


Siku ya Mungu, 14 mwezi wa saba

Nilikaa mbele.

Espoir alisema ndani ya bulongo yetu mko mayai ya minyoo na uchafu wenye unatelemuka toka vyoo. Alisema mwanamuke mwenye anaikula damu inamupungukia, mutoto anazaliwa mudogo. Alisema kwa Kihunde, akarudilia kwa Kiswahili, bila kuangalia upande mama yake alikaa. Munganga wa centre akasimama, akasema ni kweli. Hakuna mwenye alibisha.

Kisha akasema kwa mikro, sauti ikajaa kanisa: "Namushukuru muyomba wangu, Papa Bahati. Bila yeye singefika kwa shimo."

Siku zote hizi nilingojea kusikia jina yangu kwa mikro. Wanamuke wote waligeuka mara moja. Mama Solange aliniangalia vile unaangalia imbwa yenye imekula mayai.

Shefu akasimama. Shimo ifungwe leo leo. Kwa mawe. Wanaume wote waende, na Papa Bahati aonyeshe njia, juu anaijua.

Nilionyesha njia. Nilibeba mawe na ile koti ya pasi. Wanamuke walisimama kule juu, mbali. Hakuna mwenye alilia. Hiyo ilikuwa mubaya zaidi. Mulango ya shimo ikapotea kabisa, hata haujui tena kama kulikuwa kitu.

Espoir naye alikuwa anabeba, karibu yangu. Nikamwambia alisema ya kitabu tu. Akasema shefu alimukamata na maulizo, tena watu wanaugua, angesema nini? Nikaachilia jiwe karibu ya muguu wake. Haikumugusa. Naandika hapa kwamba haikumugusa.

Nimeuzwa. Na mutoto mwenye nilimubeba mugongoni, mimi mwanaume, watu wakanicheka.


Siku ya kwanza, 15 mwezi wa saba

Nilienda kwa dada mapema. Maneno nilikuwa nimeyapanga njiani. Mutoto wako ametuuza sisi wawili. Sasa tukae pamoja, tumuonyeshe. Nilijua atalia. Nilijua hata bega gani nitamushika.

Alikuwa anaosha vitunga vyake. Aliniacha niongee mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kuinua kichwa: "Espoir hakukuja kwa akili yake. Mimi njo nilimuita."

Akanielezea. Musichana mumoja wa kambi, Riziki, alikuwa anakuja kununua kila soko. Dada alimupenda, alikuwa anamuongezea kipande cha juu. Mwishoni midomo yake ilikuwa nyeupe, miguu imevimba. Alikufa kwa kuzaa. Dada hakujua kama ni bulongo ao ni kitu ingine. Usingizi ikaisha. Njo akamuita mutoto wake: kuja upime, uniambie ukweli hata kama ni mubaya. Na wanamuke wote wenye wanachimba walijua. Walikuwa wamepatana. Jibu ikiwa mubaya, wataifunga wenyewe, siku yao, kwa mikono yao. Kisha wataambia wanunuzi, mumoja mumoja, pembeni, bila kumupatisha muntu haya. Espoir alipashwa kungojea mama yake amupeleke pale. Hakungojea. Mimi njo nilimusaidia asingojee. Na baada ya ibada mimi njo nilimufungua shefu masikio, akataka majibu yote mbele ya watu.

"Tungeifunga sisi wenye tuliifungua," akasema. "Wewe ulituletea wanaume na mawe."

Nikauliza juu ya nini hakuna mwenye aliniambia. Akakamua kitambaa. Akanihurumia kidogo, nilimuona.

"Tukuambie wewe, kaka? Ungefikisha siri mpaka Kibua kule, mbele hata ya kukaa chini."

Nilirudi nyumbani. Nikamuuliza Mama Bahati, bibi yangu, kama naye alijua. Alikuwa anachagua maharage. Akaendelea kuchagua. Basi alijua. Nililala na hiyo siri kwa kitanda moja, sikuisikia.


Siku ya tatu, 17 mwezi wa saba

Niko na hasira. Kwa Espoir kwanza, juu ya mudomo yake mbili. Kwa dada. Kwa bibi yangu. Kwa munganga, bila sababu.

Wanamuke wananipita njiani, wanasalimia mutu mwenye iko nyuma yangu.

Nilienda kunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Nikawaambia wanaume kwamba mimi njo nilitoa amri ya kufunga, na kwamba jiwe ya mwisho, ile kubwa, watu kumi walishindwa, nikaisukuma na mukono ya kushoto. Hakuna mwenye alicheka. Hakuna mwenye alibisha. Zamani wangebisha mpaka magaribi. Mwenye kuuza akasema tu: "Papa Bahati, unywe." Nilikunywa.


Siku ya tano, 19 mwezi wa saba

Espoir alikuja kuniaga. Nilikuwa ndani. Nilimwambia Mama Bahati aseme siko. Akasema siko, lakini kwa sauti ya muntu mwenye anasema niko. Espoir alingojea mulangoni. Nilimusikia anakohoa, anapanguza viatu. Akasema, kama vile anaongea na mulango: "Kitabuni nimeweka ile ya nyanya na kichuguu. Professeur aliipenda." Kisha pikipiki ikaanza.

Sikucheka. Kidogo tu.


Siku ya posho, 27 mwezi wa saba

Vumbi. Maharage imeshaingia ndani ya mifuko. Barabara ilifungwa tena, ikafunguliwa.

Dada iko anauza chumvi na mawese kidogo, karibu ya Mama Solange. Haiuzwi mbio kama bulongo. Wanamuke wa Lushebere wangali wanakuja kuuliza bulongo. Anawaita pembeni, anawaketisha, anaongea nao polepole. Wengine wanakasirika, wanaenda. Wengine wanabaki wanamushika mukono. Nilipita leo. Akasema, "Kaka, uko?" Nikasema niko. Akaniongezea chumvi yenye sikulomba.

Jioni baridi. Naandika kwa kitanda.

Ukuta ya chumba yetu imetoboka, upande wangu, chini, ukubwa wa yai. Mama Bahati anasema ni panya. Amelomba paka kwa jirani. Nilimwambia ndiyo, niliiona, kubwa kama sungura, na mukia yenye hata mbuzi ingeogopa.

Hakuna panya. Ni mimi. Miaka na miaka, dada akigeuka kumuhudumia mutu, nilikuwa nachukua kipande cha bulongo kwa kitunga, natia mufukoni, nakula njiani peke yangu. Sasa kitunga hakuna. Hii ya ukuta iko na ladha ya majani na masizi. Si nzuri. Usiku nikigeuka, mukono unaenda.