Nyumba ya Mabati ya Baba Achieng

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwosha mzee wangu, Baba Achieng, nimemgeuza, nimempa uji. Nusu umemwagika shingoni. Upande ule uliopooza bado haushiki. Mfereji wa ploti umekauka tena, wapangaji wote hatuna maji. Mtaa huu wa Nyalenda!

Shemeji Okeyo amepiga simu toka kijijini kwao, Asembo. Wanamjengea ndugu yao nyumba ya mabati. Mtu hajafa! Najua kwetu mwanaume hazikwi bila nyumba yake bomani. Lakini kupigilia misumari na mtu anapumua? Wachawi.

Jumatano, 5 Machi
Binti yangu Achieng ameniwekea filamu kwa simu, eti nitapenda. Wazungu wawili, wazee. Bibi amepooza, mume anamlisha, anamchana nywele. Nimelia mpaka Achieng akaogopa. Halafu hasira. Hao hawana shemeji? Hakuna wa kuja kuwapimia kaburi? Wameachiwa wapendane mpaka mwisho. Mimi nanyimwa. Nimemwambia azime.

Baba Achieng naye alikuwa anaangalia. Jicho lake zima lilikuwa na maji.

Ijumaa, 7 Machi
Okeyo amekuja na gari ya kukodi kumpeleka mzee Asembo. Hajaniuliza. Nimesimama mlangoni na mwiko wa ugali.

"Fisi wewe! Umenusa nini?"

Ploti nzima imetoka kuangalia.

"Nipige tu, Mama Achieng. Lakini unadhani mimi niko na mabati ya kuchezea? Ni yeye alinituma, kabla ulimi haujafungwa. Alisema akienda bila nyumba, wewe utalala wapi? Utakuwa mjane wa kusimama uwanjani?"

Nimemgeukia mzee. Ni kweli? Amefumba jicho, akafumbua. Siku hizi ndiyo yake ni hiyo.

Si angeniambia mimi! Yawa, jamani, huyu mwanaume. Nimefunga nguo zake huku namtukana. Okeyo sijamwomba msamaha. Bado.

Jumapili, 9 Machi
Asembo. Kwa mila yetu, nyumba mpya mume haifungui peke yake, lazima mke alale ndani naye. Basi tumelala kitanda kimoja. Tangu apooze nilikuwa nalala mkekani, naogopa kumuumiza.

Asubuhi mabati yanalialia yakipata jua. Sakafu inanuka udongo mbichi. Okeyo ameacha maziwa mlangoni, hakubisha hodi.

Naandika na mkono mmoja. Ule mwingine mzee ameushika, hataki kuachilia.

Uji unaungua. Uungue tu.